Bei ya haki kwa studio ya chumbani

Prodyuza anayerekodi chumbani kwake, awe Mbagala au Morogoro, mara nyingi hupanga bei kwa kumtazama jirani. Wa mtaa wa pili anatoza shilingi 50,000 kwa wimbo, basi yeye atasema 40,000 ili apate wateja. Wote wawili wanabahatisha bila kujua, maana hakuna aliyewahi kukaa akahesabu wimbo mmoja unamla saa ngapi.

Zamani kazi yenyewe ilikuwa na mipaka. Bendi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam ziliingia studio zimeshaiva kwa mazoezi, zikapiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na mkanda ukanasa kilichopigwa. Mtu akikosea, wanarudia. Leo kompyuta haikatai treki ya 20 wala ya 60, na msanii anaweza kuingiza mstari mmoja mara kumi kisha akamwachia prodyuza kazi ya kuchagua.

Tuchukue kaswida ya dakika 4 yenye sauti saba zinazokwenda pamoja mwanzo hadi mwisho. Kuzisikiliza moja moja, mara moja tu, ni dakika 28, na hapo hujagusa kitu. Halafu kuna kazi ya mikono. Kuna pumzi zinazosikika kuliko maneno. Kuna "p" iliyopiga maikrofoni kama upepo wa mlangoni. Kuna "s" ambayo waimbaji saba wameitamka kwa nyakati saba, ikasikika kama mchanga unaomwagwa, hivyo inabidi uibakishe kwa mmoja na kuipunguza kwa sita waliobaki, neno baada ya neno. Mteja akisikia kazi safi hatajua kwamba jioni nzima imeishia kwenye herufi moja. Wala si lazima ajue, ila bei lazima iwe inajua.

Sasa hesabu. Tuseme vifaa vyako, yaani kompyuta, maikrofoni, saundi kadi, spika na hedifoni, vimekugharimu shilingi 3,600,000, na unatarajia vikutumikie miaka mitatu. Hiyo ni 100,000 kila mwezi, hata mwezi ambao hukupata mteja. Ongeza 80,000 za umeme, bando na kubadilisha nyaya zinazokufa. Gharama tayari ni 180,000. Kama unataka kazi hii ikuingizie 420,000 mfukoni, basi mwezi unapaswa kuzalisha 600,000.

Jioni na wikiendi zinakupa labda saa 80. Usizigawe zote. Karibu nusu yake huishia kwenye kupatana bei WhatsApp, kumsubiri msanii aliyesema yuko njiani, kutuma mafaili na kukaa gizani umeme ukikatika. Zinabaki saa 40 unazoweza kumtoza mtu, na 600,000 ukiigawa kwa 40 unapata shilingi 15,000 kwa saa. Wimbo wa saa tatu za kurekodi, mbili za kusafisha sauti, tano za miksi na mbili za marekebisho ni saa 12. Bei yake ni 180,000.

Najua mtaani hakuna atakayeitoa kirahisi. Lakini tazama upande wa pili. Shilingi 50,000 kwa saa 12 ni kama 4,170 kwa saa, wakati gharama zako peke yake, kabla hujajilipa hata senti, ni 4,500 kwa saa. Prodyuza huyo anamlipia msanii sehemu ya wimbo wake. Hivi ndivyo studio nyingi nzuri za vyumbani zinavyokufa: kompyuta inaharibika mwaka wa tatu na hakuna akiba ya kununua nyingine.

Suluhisho ninaloliamini ni kupunguza kazi ifuate bei. Kwa 50,000 mpe mteja kitu cha saa tatu hivi: aje amehifadhi mashairi, arekodi juu ya biti iliyokwisha kuwa tayari, aondoke na miksi nyepesi ya kusikiliza na kuwatumia watu. Akitaka sauti zisafishwe moja moja na miksi ya kupeleka redioni, hiyo ni kazi nyingine yenye bei nyingine. Marekebisho yawe mawili, na la tatu lilipiwe. Mwandikie hayo, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, kabla ya kuwasha maikrofoni, na nusu ya malipo itangulie.

Bei ya haki inamlinda mteja pia. Kama miksi ambayo mkono uliozoea huimaliza kwa saa tano wewe inakuchukua 14, mtoze tano. Zile tisa ni ada yako ya kujifunza, haziwezi kuwa deni la msanii. Na chumba chako kiseme ukweli wake. Godoro ukutani hupunguza mwangwi, halizuii bodaboda, jogoo wala jenereta ya jirani. Anayetaka kuimba kwa sauti ya chini karibu na maikrofoni aambiwe mapema kwamba mtarekodi usiku wa manane, au aelekezwe kwenye studio yenye chumba kilichojengwa kwa kazi hiyo. Kwaya ya watu 25 haiingii chumbani, basi ije kwa makundi, soprano siku yao na besi siku yao, na walipe kwa saa.

Tangazo la biashara ni habari tofauti. Sekunde 30 za sauti unaweza kuzimaliza kwa saa moja, lakini duka litazitumia miezi sita kuuza bidhaa. Hapo saa si kipimo kizuri. Toza kulingana na muda na mahali litakaposikika.

Kuna pia wasanii wanaosema hawana fedha sasa, ila wimbo ukilipa mtagawana. Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi wa muziki na pia mtayarishaji wa rekodi ya sauti, kwa hiyo mgawo ni jambo halali na la heshima. Ila uwe na karatasi yenye asilimia, jina la aliyetunga biti, na kama biti imeuzwa moja kwa moja au imeruhusiwa kwa wimbo huo mmoja tu. Hata akikubali mgawo, mwombe alipe zile gharama za 4,500 kwa saa. Kwa wimbo wa saa 12 ni 54,000, na asiyeweza kuzipata leo anaweza kuanza na saa tatu, akaingiza sauti kuu, mafaili yakamsubiri hadi atakaporudi.