Honi Njema Hujulikana kwa Yuniti Yake

Mtaa wa Makina, katika Kibera mjini Nairobi, ni makao ya zamani ya Wanubi, wazao wa askari wa King's African Rifles. Nyumba zimebanana. Katika mtaa wa namna hii honi ya kipaza sauti ina kazi kubwa: huita watu kusali na kutangaza misiba. Honi ikikoroma, jirani hupata kelele wala msikilizaji hapati neno. Kwa hiyo kamati ya msikiti au kanisa yafaa ijue ni nini hasa inachonunua kwa michango ya watu.

Wengi hutazama ukubwa wa mdomo wa honi tu. Lakini sauti huzaliwa nyuma, katika yuniti. Ndani yake mna sumaku, koili ya waya mwembamba, na kiwambo kidogo mfano wa kile cha ngoma. Kiwambo hubana hewa na kuisukuma katika koo lililo jembamba kuliko chenyewe. Wente na Thuras wa maabara ya Bell, Marekani, walitengeneza yuniti ya namna hii mwaka 1926, nayo ikatumika katika sinema zenye sauti.

Viwambo havilingani. Cha alumini ni chepesi na hutoa vizuri sauti za juu, lakini huchoka na kupasuka. Cha titani huvumilia zaidi, ingawa sauti yake huweza kuwa kali. Cha kitambaa kilichogandishwa kwa fenoli ni kizito kidogo. Hakifiki juu sana, lakini ni kigumu. Kwa muziki, madini yafaa. Kwa maneno, fenoli yatosha, maana simu za zamani zilipitisha mitetemo ya 300 hadi 3,400 tu kwa sekunde, na watu wakaelewana.

Mbele ya kiwambo huwekwa kizibo chenye mianya. Bila hicho, mawimbi ya ukingoni na ya katikati hufika kooni kwa nyakati mbalimbali na kuuana, hata herufi kama s na f zisisikike vema.

Adui wa kiwambo ni sauti nzito, ambayo hukitikisa kupita kiasi hata kikapasuka. Fundi mwema hufunga kapasita ili kuizuia. Tena haifai kuongeza nguvu ovyo, kwa kuwa kanuni za Kenya za mwaka 2009 zimeweka mipaka ya kelele.

Kabla ya kulipa, kamati iulize: kiwambo ni cha nini? Cha kubadilisha chapatikana? Kapasita imo? Kisha mtu mmoja asimame mwisho wa mtaa, na mwingine asome majina machache kwa sauti ya kawaida. Majina yote yakisikika sawasawa, honi hiyo yatosha.