Ganda la Risasi Linapokwama Ndani ya Chemba

Mfugaji mmoja mwenye cheti halali cha kumiliki silaha alifika katika kituo chetu cha mpakani akiwa na bunduki yake ya kuwindia, ambayo bolti yake ilikuwa imekataa kufunguka. Ganda la risasi aliyofyatua lilikuwa limekwama ndani. Alikuwa amekwisha kuupiga mkono wa bolti kwa kipande cha gogo, na kulabu ya kuvutia ganda ilikuwa imemega ukingo wake. Mfukoni alikuwa na maganda mengine manane, yote yakiwa na mkwaruzo mrefu ubavuni. Aliamini kwamba ameuziwa risasi mbovu. Kumbe risasi hazikuwa na kosa: mtutu ulikuwa umebadilishwa na chemba kuchongwa upya ng'ambo ya mpaka, na fundi asiye na leseni.

Ganda hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, takribani asilimia 70, na zinki, asilimia 30. Metali hiyo ni laini kuliko chuma cha pua, na ulaini huo ndio unaotakiwa. Baruti inapowaka, shinikizo hulitanua ganda hadi likabanana na kuta za chemba, likazuia gesi isimrudie mpigaji usoni. Shinikizo likishuka, ganda hujirudi kidogo na kuziachia kuta. Kuta zikiwa na mikwaruzo au vishimo, shaba husukumwa ndani ya kila kasoro, nalo ganda hunasa humo.

Swali la kwanza ni hili: mkwaruzo ulitokea lini, wakati risasi inaingia, au baada ya kufyatuliwa? Fundi hutumia risasi bandia, isiyo na baruti wala fataki, akaipaka wino, akaiingiza na kuitoa polepole. Ikitoka imekwaruzika, basi kosa liko njiani: midomo ya magazini, kinyweleo cha chuma kilichosalia kwenye mlango wa chemba, au chembe ya mchanga. Ikitoka safi, ilhali maganda yaliyofyatuliwa yana alama, kosa liko kwenye kuta zenyewe. Mistari ya kuzunguka ganda kama pete ni nyayo za kekee iliyochongea chemba bila kusuguliwa vizuri. Vinundu vidogo vilivyotuna juu ya shaba ni chapa za vishimo vya kutu.

Vishimo hivyo aghalabu huletwa na risasi za zamani. Fataki zenye klorati ya potasiamu huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu. Mafuta hayaiyeyushi, maji ya moto ndiyo huiyeyusha, kisha chuma kikaushwe vizuri na kupakwa mafuta kidogo. Wazee waliobeba bunduki za .303 walilijua jambo hili, ingawa vijana wetu huwacheka. Hata jeshi kubwa limeadhibiwa na chemba: huko Vietnam, bunduki za M16 za Marekani zilikwama maganda vitani, na miongoni mwa marekebisho yaliyofuata ni kuipaka chemba kromu ili isishikwe na kutu.

Zipo dalili zisizohusu mikwaruzo, nazo ni za hatari zaidi. Fataki iliyobanwa ikawa bapa, ufa ubavuni, au pete inayong'aa karibu na kitako cha ganda: ukiona mojawapo, usifyatue tena. Huenda shinikizo limezidi, chemba ni ndefu mno, au risasi si ya bunduki hiyo. Katika masoko ya mpakani risasi huuzwa kwa kufanana tu, na bunduki ikipasuka haimchagui aliyekosea. Wala usipake ganda mafuta ili litoke kwa urahisi. Ganda lisiposhika kuta, msukumo wote huelekea kwenye bolti, yaani usoni kwako.

Ganda likikwama, elekeza mdomo wa mtutu mahali salama, toa kidole kwenye kifyatulio, usipige chochote. Risasi ikigoma kulia, subiri sekunde 30 kabla ya kuigusa bolti, kwa maana fataki huweza kuchelewa. Usisukume mdeki kutoka mdomoni mwa mtutu ikiwa huna hakika kwamba kichwa cha risasi kimetoka. Piga simu kituoni kwanza, upewe maelekezo ya namna ya kuileta silaha.

Nasi polisi tuna sababu nyingine ya kuuliza. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi zetu kuweka alama na kumbukumbu za silaha. Chemba na bolti huacha alama juu ya kila ganda. Vikibadilishwa kimyakimya, maganda hayalingani tena na kumbukumbu, na mwenye silaha anaweza kushukiwa kwa jambo asilolijua.

Kwa yule mfugaji, fundi mwenye leseni alikuta makosa mawili, si moja: kinyweleo mlangoni kilichokwaruza, na pete za kekee zilizonasa ganda. Kinyweleo kiliondolewa kwa nusu saa. Pete zilikuwa za kina mno, hivyo mtutu ulikataliwa, na bunduki ingali kwenye ghala letu ikisubiri mtutu mpya utakaoandikwa kwenye cheti chake.