Mashine ya zege ikizunguka, usikimbilie kuongeza maji

Kila nipitapo penye nyumba inayojengwa, macho yangu huenda kwenye ndoo ya maji iliyo kando ya mashine ya kuchanganyia zege. Ndoo hiyo inaweza kuharibu slabu nzima na mwenye nyumba asijue. Leo nataka nieleze kwa nini.

Tuanze na maji matupu. Ukiyazungusha kwenye ndoo hupanda pembeni na kubonyea katikati. Wepesi wake haubadiliki, uyazungushe polepole au kwa kasi. Vitu vya namna hii hufuata kanuni aliyoieleza Isaac Newton mwaka 1687. Lakini viko vingi visivyoifuata. Ute wa yai, kwa mfano, ukizungusha kijiti ndani yake, hukiparamia kijiti badala ya kubonyea.

Zege nalo halifuati kanuni hiyo. Likitulia hushikana, hata unaweza kulilundika kwa beleshi lisitawanyike. Ni mpaka lisukumwe kwa nguvu ya kutosha ndipo litiririke. Ndani ya pipa la mashine, mapanga ya chuma hulinyanyua na kuliangusha, chembe za simiti zilizoshikana huachana, na zege hulainika. Mashine ikisimama, chembe hushikana tena na zege huonekana limekaza. Pipa nalo likizunguka kwa kasi mno, zege hung'ang'ania ukutani na kuzunguka nalo bila kuchanganyika. Ndiyo maana mashine hizi huenda taratibu.

Basi fundi akiona zege limekaza, hupiga kelele: "Tia maji!" Kumbe mara nyingi lilitaka kuzungushwa tena dakika chache tu. Mwaka 1918, Duff Abrams wa Marekani alionyesha kwamba kadiri maji yanavyozidi kwa simiti ileile, ndivyo nguvu ya zege inavyopungua. Maji ya ziada hukauka na kuacha vitundu, na humo ndimo chumvi ya bahari hupenya hadi kwenye nondo. Sisi wa Pwani tunajua vile kutu ya nondo inavyopasua dari.

Kwa kawaida mfuko wa simiti wa kilo 50 huhitaji maji lita 20 hadi 30, ukihesabu na unyevu wa mchanga. Mwambie fundi apime kwa ndoo, asikisie kwa jicho. Pia kuna kipimo rahisi: koni ya bati ya kimo cha sentimita 30. Hujazwa zege, ikanyanyuliwa, kisha hupimwa zege limeshuka kiasi gani. Likiporomoka lote, maji yamezidi.

Na zege lililokaa hadi likaanza kuganda, mashine hailifufui wala maji hayalifufui. Hilo litupwe. Hasara ya karai chache ni nyepesi kuliko kubomoa slabu ambayo watu wanalala chini yake.