Liache Pango Lingurume

Hadithi nyingi za kutisha zinazosambazwa vipande vipande kwenye simu siku hizi zinafanana: jumba la kifahari lililotelekezwa, mlango unaojifungua wenyewe, mwanamke wa nywele ndefu aliyetoka moja kwa moja kwenye filamu. Kijana wa Morogoro, Mji Kasoro Bahari, huzitunga hizo akiwa amekaa Msamvu, milima ya Uluguru ameipa mgongo. Na milima hiyo ina mambo.

Kusini mwa safu hiyo, upande wa Kolero, kuna pango la Kolelo. Masimulizi yaliyoandikwa na mmisionari Mjerumani Martin Klamroth mwanzoni mwa karne ya 20 yanasema nyoka mkubwa, Kolelo, alimchukua mwanamke wa ukoo wa Mlali, akamwingiza pangoni na kumfanya mkewe. Tangu hapo watu wa ukoo huo ndio wakawa wanamsemea. Wazaramo walifunga safari kutoka kwao kwenda huko kuomba mvua. Msafiri Richard Burton, aliyepita Duthumi mwaka 1857, aliandika habari za ngurumo itokayo pangoni, akadhani ni maji yanayopita chini ya ardhi. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vikiwa vinafukuta, zikavuma habari kwamba Kolelo amekataza watu kuwalipa Wajerumani kodi.

Mtunzi mchanga akisikia haya hukimbilia nyoka: magamba, macho mekundu, ulimi. Mimi ningemwacha nyoka gizani nimtafute yule msemaji. Amesimama mlangoni pa pango, mbele yake wageni ambao mashamba yao yamekauka. Pango linanguruma. Wote wamemgeukia yeye, na leo, kwa mara ya kwanza, hajasikia neno lolote. Kasikia maji tu. Atawaambia nini? Na yule mke wa nyoka je? Ndugu zake walipata heshima kwa ajili yake. Kuna aliyewahi kumuuliza kama anataka kurudi nyumbani? Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, kwa hiyo watoto wa pangoni, kama walizaliwa, ni wa Mlali. Nyoka hana chake hapo. Ugomvi wa kifamilia wa namna hiyo unatosha kitabu kizima.

Ebrahim Hussein alipita njia hii katika Kinjeketile, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969. Wazee walisimulia kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, nabii wa Maji Maji, alizama majini, akaibuka kesho yake nguo zikiwa kavu. Agosti 1905 Wajerumani wakamnyonga. Hussein akaingia mahali ambapo masimulizi hayafiki, kichwani mwa nabii anayeanza kushuku kwamba pepo aliyempa maji ya dawa huenda kamdanganya, ilhali watu wameshayaamini. Hata jina alilibadilisha kidogo, na akaweka wazi kuwa Kinjeketile wake ni wa kubuni.

Muhammed Said Abdulla alichagua njia nyingine. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya mwaka 1960, mzimu unaogopwa, lakini mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anamtafuta binadamu muuaji. Wasomaji waliipenda, nami pia. Ila imeigwa mno, na waigaji wengi wakishafumbua fumbo hawaachi kitu cha kumrudisha msomaji kitabuni.

Kuna simulizi ambalo ningeligusa kwa tahadhari: mumiani. Uluguru umemjua tangu enzi za mkoloni. Mwaka 2016, wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wa kilimo na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Baada ya hapo, kumwandika mgeni mwenye gari na sindano kama mumiani wa kweli ni kuchezea roho za watu. Uvumi wenyewe, basi, ndio uwe mhusika: nani kaanza kuusema, nani kauongezea chumvi, nani alijua ni uongo akanyamaza.

Wasiopenda mizimu wana mji wa Simbamwene. Kisabengo, Mzigua, aliujenga kwa kuta za mawe chini ya Uluguru; binti yake akaurithi utawala. Msafiri Stanley aliuona mji huo mwaka 1871. Mwaka uliofuata mafuriko yakabomoa sehemu ya kuta hizo. Mwanamke yule anastahili riwaya nene.

Mimi ningeanzia Oktoba 2022, Mto Ruvu, ambao maji yake hutoka Uluguru, ulipopungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Mzee wa ukoo wa Mlali anashuka kwenye basi Mbezi, mkoba wa ukili begani, anaulizia ofisi ya maji. Anafika mapokezi.

“Shikamoo, babu. Una namba ya mita?”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mita sina. Nimekuja kudai bili.”