Siku ya Kwanza Lamu Iwe ya Masikio

Kila likizo inapokaribia, walimu wa Kiswahili huniomba ushauri mintarafu ya ziara ya Lamu. Swali lao aghalabu huwa moja: "Daktari, siku ya kwanza tuanzie wapi?" Huwa wamekwisha kuandaa orodha ndefu: Ngome, Makumbusho, Msikiti wa Riyadha, kijiji cha Shela, magofu ya Takwa. Yote hayo kabla ya jua kutua! Nami huwajibu kwamba orodha ya namna hiyo niliwahi kuiandika mwenyewe, na hadi leo naionea haya.

Mnamo Desemba 2019 niliongoza wanafunzi 18 kwenda Lamu. Tulisafiri kwa basi hadi Mokowe, tukavuka kwa mashua. Siku ya kwanza nilikuwa nimeipanga kama ratiba ya mtihani, kila mahali dakika 40. Tulipokuwa tukipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji mkongwe, mzee mmoja aliyeketi barazani alimpungia mkono kijana mmoja wetu aliyekuwa amebaki nyuma. "Ndoo, mwanangu," akamwambia kwa upole. Kijana akatazama huku na huku, kisha akauliza, "Ndoo ya nini, mzee?" Wenzake wakaangua kicheko. Mzee akatabasamu kidogo, akaushusha mkono wake. Mimi niliitazama saa, nikawahimiza wanafunzi tuiwahi Ngome.

Msomaji bila shaka umetambua kwamba mzee yule hakuhitaji chombo cha maji. Alikuwa akisema "njoo", akimkaribisha mgeni aketi naye.

Usiku nilipokagua daftari za wanafunzi, nilikuta habari za Ngome zimenakiliwa barabara: ilianza kujengwa mwaka 1813, ikamalizika 1821. Chini ya habari hizo, mmoja wao alikuwa ameandika kwamba wenyeji wa Lamu hawajui Kiswahili sanifu. Sentensi hiyo ilinichoma moyo, kwa maana mwandishi wake alikuwa mwanafunzi wangu, na mimi ni mwanaisimu.

Hebu tuyatazame mambo yenyewe. Penye "nj" katika Kiswahili sanifu, Kiamu mara nyingi huwa na "nd": njia ni ndia, njaa ni ndaa, nje ni nde. Penye "ch" huja "t": macho ni mato, nchi ni nti, kucheka ni kuteka. Penye "j" huja "y": moja ni moya, kuja ni kuya. Vitu huitwa zitu, na vyombo huitwa zombo. Hiyo ni kanuni inayofuatwa kwa utaratibu, wala si ulimi uliopotoka. Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, kwa kuwa serikali za kikoloni zilihitaji lahaja moja ya shule na ofisi. Uteuzi huo haukuzifanya lahaja nyingine kuwa makosa.

Kejeli iliyoje! Muhula uliofuata, vijana wale wale walikwama mbele ya Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona. Walihangaika na sherehe za maneno zilizochapishwa kurasa za nyuma, wakitafuta maana ya maneno ambayo mzee wa barazani angewapa bure, pamoja na kikombe cha kahawa.

Je, siku ya kwanza ipangweje? Fikeni mapema, mweke mizigo mlikofikia. Wagawe wanafunzi watatu watatu, watembee polepole kutoka Langoni hadi Mkomani. Wampishe punda mwenye mzigo, kwa maana vichochoro ni vyembamba. Wavae mavazi ya heshima, wala wasimpige mtu picha kabla ya kuomba idhini. Kazi yao ya asubuhi iwe kusalimu. Wazee wapewe shikamoo yao, na akaribishwaye aketi.

Adhuhuri pumzikeni. Jua ni kali, na watu huenda kuswali na kula. Siku ya Ijumaa msiitumie kwa zoezi hili. Alasiri nendeni Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome, mkae kivulini na kusikiliza. Humo ndani ya Ngome mtaingia kesho.

Wasichana waandamane na mwalimu wa kike. Mabaraza ya nje aghalabu ni ya wanaume, ilhali lugha ya ndani ya nyumba nayo ina hazina yake. Tukumbuke kwamba Mwana Kupona binti Msham aliutunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye. Mwalimu atangulie kuomba mwaliko kwa mama mwenye nyumba, na wanafunzi waende kama wageni.

Kuhusu Takwa, ambayo iko kisiwani Manda, msiipangie saa mkiwa Nairobi. Muulizeni nahodha, kwa sababu mkondo wa mikoko unaoelekea huko hupitika vyema maji yanapojaa. Bahari haifuati ratiba ya mwalimu.

Usiku, kila kikundi kisome maneno kiliyoyasikia, na darasa zima litafute kanuni zake. Hapo ndipo mwanafunzi atakapogundua mwenyewe kwamba "ndoo" na "ndia" zinafuata kanuni moja. Kesho yake atakapoingia katika nyumba ya kale na kuonyeshwa zidaka zilizopangwa ukutani, hatauliza kwa nini si "vidaka".

Nilirudi Lamu mwaka 2022 na kundi jingine, nikaufuata mpango huu. Wanafunzi waliona sehemu chache zaidi kuliko wale wa kwanza, lakini walirejea na maneno mengi, na hakuna aliyeandika kwamba wenyeji hawajui lugha yao. Nililipitia baraza lile mara tatu. Mzee sikumwona, wala sikuweza kumuulizia, kwa kuwa siku ile nilikuwa na haraka mno hata sikumwuliza jina.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, ukifika Lamu ukaambiwa "ndoo", keti. Ngome imesimama pale miaka 200. Itakungoja hadi kesho.