Saa ya Mkononi na Pumzi ya Mtoto

Usiku wa manane mtoto akohoa, na mwili una moto. Mama ataka apelekwe hospitali mara moja. Baba asema ni mafua tu, yafaa kungoja asubuhi, kwa maana njia ni mbali na kuna matope. Ubishi huu hutokea katika nyumba nyingi, na mara nyingi humalizwa kwa kubahatisha. Wengi hudhani ya kuwa daktari peke yake, na mipira yake ya masikioni, ndiye awezaye kuujua ukweli. Lakini sivyo.

Chombo hicho cha daktari, kiitwacho stetoskopu, kilibuniwa mwaka 1816 mjini Paris na daktari Mfaransa, René Laennec. Alikuwa akimpima mwanamke kijana mwenye ugonjwa wa moyo, akaona si adabu kuweka sikio lake juu ya kifua chake, kama ilivyokuwa desturi. Basi akakunja karatasi kama bomba, akasikiliza kwa hilo, akastaajabu kusikia vizuri kuliko kwanza. Yasikitisha kwamba mtu huyu, aliyewafundisha wenzake kuutambua ugonjwa wa kifua kikuu kwa kusikiliza, alifariki kwa ugonjwa huo huo mwaka 1826, naye hajatimiza miaka 46.

Je, daktari husikia nini? Mapafu yenye afya hutoa sauti laini, kama upepo upitao majanini. Vijia vya hewa vikibana, kama katika pumu, husikika mluzi, hasa mgonjwa atoapo pumzi. Vifuko vidogo vya hewa vikiingia maji au usaha, husikika mialiko midogo midogo, kama chumvi iliyotupwa motoni. Sauti ya kukwaruza isikikayo bila chombo, mtoto aliyetulia anapovuta pumzi, huonyesha ya kuwa njia imebana kooni; huyo asicheleweshwe hata kidogo. Tena kuna kimya. Mwenye pumu ambaye mluzi wake umetoweka, naye bado ahangaika kupumua, hajapona: hewa karibu haipiti tena.

Sauti hizo zataka mafunzo, lakini kuhesabu hakutaki. Huko Papua New Guinea, nchi ya milima ambako madaktari walikuwa wachache, Frank Shann na wenzake walionyesha mwaka 1984 ya kuwa wingi wa pumzi husaidia kumtambua mtoto mwenye homa ya mapafu, ambayo wengine huiita kichomi, miongoni mwa wenye kikohozi tu. Shirika la Afya Duniani liliieneza njia hiyo.

Mtoto kwanza atulizwe, asiwe akilia wala akinyonya. Nguo ipandishwe, tumbo na kifua vionekane. Mmoja atazame saa, mwingine ahesabu kwa dakika moja kamili. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Wako wahesabuo nusu dakika na kuzidisha kwa mbili, nao hukosea, kwa kuwa pumzi za mtoto hazilingani. Kwa mtoto asiyetimiza miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili mpaka kutimiza mwaka, ni 50; na kutoka mwaka mmoja mpaka mitano, ni 40. Mwenye kufika hesabu hiyo ahitaji hospitali, wala si dawa tamu ya chupa kutoka dukani, ambayo haiui vijidudu vya kichomi.

Na kama nyama ya chini ya mbavu yabonyea ndani kila avutapo pumzi, au hawezi kunyonya, au ameshikwa na degedege, au amelala na haamshiki, saa na iachwe. Achukuliwe usiku huo huo, matope au si matope.

Chanjo ya kuzuia vijidudu viletavyo kichomi zaidi ilianza kutolewa Kenya kwa watoto wachanga mwaka 2011, na kadi ya kliniki itaonyesha kama mtoto ameipata. Moshi nao ni adui. Mtoto abebwaye mgongoni jikoni huvuta moshi wote wa kuni auvutao mama yake, na mapafu yake ni madogo. Jiko la makaa lililoingizwa chumbani kwa ajili ya baridi, mlango ukafungwa, ni baya zaidi, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu wala haimwamshi aliyelala.