Uthibitishaji wa Hojaji ya Dalili Iliyotafsiriwa: Mfano wa Maambukizi ya Kibofu kwa Wanawake

Utangulizi

Mwanafunzi wa tafsiri huzoea kuona kazi yake ikihukumiwa na wasomi. Matini lengwa huwekwa kando ya matini chanzi, zikalinganishwa sentensi kwa sentensi, kisha uamuzi ukatolewa: hii ni sahihi, ile ni tafsiri sisisi, nyingine imepotosha maana. Hata hivyo, zipo matini ambazo haziwezi kuhukumiwa kwa njia hiyo peke yake. Mojawapo ni hojaji ya dalili za ugonjwa. Hojaji hii haisomwi ili ifurahiwe wala ili ihifadhiwe maktabani. Husomwa na mgonjwa, akaijibu, na majibu yake yakageuzwa kuwa alama zinazomsaidia tabibu kuamua kama atatoa dawa au la.

Makala haya yanaeleza jinsi hojaji ya aina hiyo inavyothibitishwa baada ya kutafsiriwa. Mfano uliochaguliwa ni hojaji ya maambukizi ya kibofu cha mkojo kwa wanawake. Hoja inayotetewa ni kwamba uaminifu kwa matini chanzi hautoshi kuithibitisha tafsiri ya namna hii. Anayeithibitisha hatimaye ni mgonjwa anayeelewa alichoulizwa.

Ugonjwa na hojaji yake

Takriban nusu ya wanawake wote hupatwa na maambukizi ya njia ya mkojo angalau mara moja maishani. Sababu moja ni ya kimaumbile. Mrija unaotoa mkojo kibofuni kwa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, na tundu lake haliko mbali na njia ya haja kubwa. Kwa hiyo bakteria, hasa wa aina ya Escherichia coli, hufika kibofuni kwa urahisi. Kuotesha mkojo katika maabara huchukua siku moja au zaidi, na si kila zahanati ina uwezo huo. Aghalabu tabibu hulazimika kutegemea maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Akiyaelewa visivyo, ama mgonjwa hukosa tiba na maambukizi yakapanda hadi figoni, ama hupewa viuavijasumu asivyovihitaji na bakteria wakazidi kuwa sugu.

Ili kuyapa maelezo hayo mpangilio, Jakhongir Alidjanov na wenzake waliunda hojaji inayojulikana kwa kifupi kama ACSS huko Tashkent, Uzbekistan. Matini chanzi yake ilikuwa ya Kiuzbeki na Kirusi, na matokeo ya uthibitishaji yalichapishwa mwaka 2014. Tangu hapo imetafsiriwa katika lugha nyingine, zikiwemo Kijerumani, Kiitalia, Kihungaria na Kiingereza cha Marekani.

Hojaji hiyo ina vipengele 18. Sita vinahusu dalili bainifu za ugonjwa: kwenda haja ndogo mara kwa mara, kubanwa na mkojo kwa ghafla, maumivu wakati wa kukojoa, kuhisi kwamba mkojo haujaisha, maumivu chini ya kitovu, na damu katika mkojo. Vinne vinasaidia kutofautisha ugonjwa huu na mwingine: maumivu ya ubavuni, ute usio wa kawaida ukeni, majimaji yanayotoka kwenye mrija wa mkojo, na homa. Vitatu vinahusu jinsi dalili zinavyoathiri maisha ya kila siku. Vitano vya mwisho vinauliza kuhusu hali kama vile hedhi, ujauzito na kisukari. Dalili hupewa alama kutoka 0 hadi 3 kulingana na ukali wake. Katika uthibitishaji wa awali, jumla ya alama 6 au zaidi kwa dalili sita bainifu iliwatambua wagonjwa 94 katika kila 100, na ikawatenga ipasavyo 90 katika kila 100 wasiokuwa na ugonjwa.

Hatua za tafsiri

Kwa kawaida wafasiri wawili hufanya kazi kila mmoja peke yake, kisha matini zao huoanishwa kuwa moja. Mfasiri mwingine, ambaye hajaiona matini chanzi, huirudisha matini hiyo katika lugha chanzi. Matini iliyorudishwa hulinganishwa na ya awali, na tofauti zikajadiliwa na wataalamu. Baada ya hapo hojaji hupelekwa kwa idadi ndogo ya wanawake, ambao huulizwa kila swali wamelielewaje na wangelisema vipi kwa maneno yao. Mwongozo uliochapishwa na jumuiya ya kimataifa ya ISPOR mwaka 2005 unazitaja hatua za namna hii.

Hatua ya kurudisha matini katika lugha chanzi ina mtego. Tafsiri sisisi ndiyo inayorudi ikiwa salama kuliko zote. Chukulia kwamba mfasiri wa Kiswahili ameandika, “Je, umekuwa na utoaji usiokamilika wa kibofu?” Mfasiri wa pili atairudisha sentensi hiyo bila kupoteza neno hata moja, na kamati itaridhika. Lakini mwanamke aliyeketi kwenye benchi la zahanati hataielewa. Iwapo ingeandikwa, “Ukimaliza kukojoa, je, huhisi kana kwamba mkojo bado umebaki?” maneno ya matini iliyorudishwa yangetofautiana na ya asili, lakini maana ingemfikia mlengwa. Nida, katika kazi yake ya mwaka 1964, alisisitiza kwamba tafsiri ipimwe kwa mwitiko wa mpokeaji. Katika hojaji ya dalili, mwitiko huo unaweza kuhesabiwa.

Kiswahili katika mizani

Matatizo ya kiisimu yanayoweza kumkabili mfasiri wa Kiswahili ni mengi. Yafuatayo yanatosha kwa mfano.

Kwanza ni tafsida. Heshima ya lugha humwelekeza mfasiri kwenye “sehemu za siri” badala ya kutaja viungo kwa majina. Hata hivyo, hojaji hii inatenganisha kinachotoka ukeni na kinachotoka kwenye mrija wa mkojo. Msemo “majimaji sehemu za siri” unayameza maswali mawili na kuyafanya kuwa moja, na kwa kufanya hivyo unamnyima tabibu tofauti aliyoitaka. Neno “uchafu” nalo, ambalo hutumika sana, hubeba lawama. Mhojiwa anaweza kulikana ili asionekane mchafu. “Ute” au “majimaji” hayamhukumu. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Hapa anayeficha huenda asiwe mgonjwa bali ni matini yenyewe.

Pili ni mipaka ya maneno ya mwili. “Kiuno” kwa wazungumzaji wengi ni sehemu ya chini ya mgongo, ambayo humuuma yeyote aliyelima au kubeba maji kutwa nzima. Swali linalokusudia figo linapaswa kuelekeza mkono mahali penyewe: ubavuni, upande mmoja au pande zote mbili, chini ya mbavu.

Tatu ni wakati. “Katika saa 24 zilizopita” ni sahihi kisarufi, lakini “tangu jana wakati kama huu” hueleweka upesi zaidi na huzuia mtu kusimulia maumivu ya wiki iliyopita.

Nne ni adabu ya kusema maradhi. Mswahili akiulizwa hali hujibu “sijambo” au “nzuri” kwanza, ndipo aseme “ila” na kueleza ugonjwa wake. Neno “kidogo” katika “naumwa kidogo” mara nyingi ni la adabu kuliko la kipimo. Ngazi za majibu zikiwa “kidogo”, “kiasi” na “sana”, bila maelezo zaidi, mwenye maumivu makali anaweza kujipa alama moja. Dawa yake ni kufungamanisha kila ngazi na jambo linaloonekana, kwa mfano kama maumivu yamemzuia kufanya kazi au kulala.

Zaidi ya lugha, yapo mazingira. Katika sehemu za pwani ya Kenya, damu katika mkojo inaweza kutokana na kichocho. Swali lililotafsiriwa vyema kabisa linaweza kupata jibu la kweli linaloashiria ugonjwa mwingine. Kwa sababu hiyo, uwezo wa kutambua uliopatikana Tashkent hauwezi kuchukuliwa kuwa ndio utakaopatikana Kwale. Ni lazima upimwe upya.

Kutoka neno hadi namba

Upimaji huo ndio uthibitishaji wenyewe. Hojaji hujibiwa na makundi mawili ya wanawake, wenye maambukizi yaliyothibitishwa na wasio nayo. Watafiti huangalia kama vipengele vinavyodai kupima jambo moja vinakwenda pamoja, jambo ambalo mara nyingi hukadiriwa kwa kipimo alichokieleza Cronbach mwaka 1951. Kisha huangalia kama alama zinayatenganisha makundi hayo mawili, na kama zinashuka mgonjwa anapopona.

Uzito wa neno moja katika hesabu hiyo unaweza kuonyeshwa kwa mfano wa kubuni. Mwanamke anapata alama 2 kwa kwenda haja mara kwa mara, 2 kwa maumivu ya kukojoa, 1 kwa maumivu chini ya kitovu, na 1 kwa kubanwa na mkojo. Jumla ni 6, naye anatambuliwa kuwa mgonjwa. Sasa chukulia kwamba swali la mwisho limeandikwa “Je, una tatizo la mkojo kubana?” naye akadhani anaulizwa kama mkojo umeziba. Anajibu hapana, na jumla inakuwa 5. Ugonjwa ni uleule na mwili ni uleule. Kilichobadilika ni kitenzi, na mgonjwa amevuka mpaka akahesabiwa miongoni mwa wazima. Kama swali lingesema “kubanwa ghafla na mkojo hata ukashindwa kuuzuia”, asingepotea.

Hata hivyo, namba nazo hazijitoshelezi. Takwimu zinaweza kuonyesha kwamba kipengele fulani hakiendi pamoja na vingine, lakini haziwezi kueleza sababu. Anayeweza kueleza ni mtu anayejua kwamba “kubana” na “kubanwa” si kitu kimoja masikioni mwa mhojiwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuithibitisha hojaji iliyotafsiriwa ni kazi ya fani mbili zinazohitajiana: tiba hutoa kipimo cha maabara, na isimu hutoa swali linaloeleweka. Mara nyingi wanafunzi wa Kiswahili huitwa mwishoni, matini ikiwa imekamilika, ili wasahihishe tahajia. Nafasi yao inapaswa kuwa mapema zaidi, katika mahojiano na wanawake wa Mombasa, Kitui na Kisumu, ambao Kiswahili chao hakifanani na ambao wengi wao wana lugha nyingine ya kwanza. Huko ndiko itakakojulikana kama swali limefika, kabla ya majibu yake kutumiwa kuamua nani apewe dawa na nani arudishwe nyumbani.